Kumeza Si Kuua

Shangazi yangu hawezi kuvumilia harufu ya jiki. Ukimimina kidogo tu kwenye beseni la nguo pale uani kwake, yeye huchukua mkeka wake akahamia barazani mpaka ufue umalize. Zamani nilidhani ni kifua tu kinamsumbua. Siku nilipomwuliza, alinisimulia habari za mwaka 1993, alipokuwa akimwuguza mdogo wake, yaani baba mdogo ambaye mimi sikuwahi kumjua. Kila asubuhi alifua mashuka ya mgonjwa kwa jiki. Kisha alimfuta mdomo kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya chumvi, maana ulimi na koo lote vilikuwa vimefunikwa na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Hata uji haukupita. Muuguzi mmoja alimweleza kwa maneno machache: "Hao ni fangasi, dada. Askari wake wa mwili wamekwisha."

Askari wa mwili. Neno hilo, ndugu msomaji, wewe na mimi tunalijua toka shule. Mimi mwenyewe nimeshamchora daftarini: chembe nyeupe ya damu imevaa kofia, imeshika mkuki, inamfukuza kijidudu mwenye meno. Mwalimu alinipa tiki nyekundu nikafurahi. Lakini siku ile pale barazani nilijiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: huo mkuki ni kitu gani hasa? Askari akimkamata fangasi, anamuua kwa nini?

Nikaanza kusoma kwa udadisi huo tu. Nilichokikuta ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na mojawapo ya silaha zilizomo ndani yake, bwana, ni jiki. Sisemi kwa mafumbo. Nitaeleza.

Mwiba wa waridi

Ilya Metchnikoff alizaliwa mwaka 1845 karibu na Kharkov, katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, si daktari. Mwaka 1882 aliacha kazi ya kufundisha katika Chuo Kikuu cha Odessa, siasa za chuo zikiwa zimemchosha, akaenda na familia yake kukaa Messina, kisiwani Sicily.

Siku moja watu wa nyumbani walikwenda sarakasi kutazama nyani waliofunzwa michezo. Yeye akabaki peke yake na hadubini yake, akimtazama mtoto wa kiti cha pweza. Kiumbe huyo akiwa bado mchanga huwa angavu kama kioo, unaziona chembe zikitambaa huku na huko ndani yake. Likamjia wazo: je, chembe hizi haziwezi kuwa ndizo zinazomlinda mnyama? Kama ndivyo, basi akichomwa mwiba zitaukimbilia. Akatoka bustanini, akachuma miiba midogo ya mti wa waridi, akawachoma nayo viumbe wake. Usiku ule usingizi haukumjia. Kulipokucha akakuta chembe zimeuzingira mwiba pande zote.

Hadithi hii aliisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na imekaa vizuri mno, kama hadithi zinavyokaa zikisimuliwa mara nyingi. Tena mwiba haumdhuru mtu kwa kuzaana. Ushahidi mzito zaidi ulikuja mwaka 1884, na hapo ndipo fangasi wanapoingia. Wengi husahau jambo hili: adui ambaye Metchnikoff alimfuatilia vitani mwanzo hadi mwisho, kwa macho yake, hakuwa bakteria. Alikuwa jamaa wa hamira.

Vitani palikuwa ndani ya kiroboto wa maji, kadudu ka madimbwini ambako hakafiki punje ya mchele, nako pia mwili wake unapenya nuru. Hamira hiyo ina mbegu nyembamba zenye ncha kama sindano. Kiroboto huzimeza pamoja na chakula chake. Sindano hutoboa utumbo zikatokeza upande wa pili, mahali damu inapozunguka. Hapo chembe za damu huzivamia moja moja, mbili mbili, mpaka kundi zima. Metchnikoff aliona sindano zikipoteza umbo, zikivunjika, zikiisha. Chembe zikishinda, kiroboto alipona. Lakini mbegu zikiponyoka zikachipua, hamira ilizaana mpaka ikaujaza mwili, na kiroboto akafa. Yote hayo aliyatazama mchana kweupe, kama mtu atazamavyo mpira uwanjani. Fangasi yule leo anaitwa Metschnikowia bicuspidata, jina la kumkumbuka yeye.

Chembe hizo zikapewa jina la Kigiriki, fagositi, yaani chembe zinazokula. Mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mjerumani Paul Ehrlich, ambaye yeye alisimama upande wa wale waliosema kinga imo katika majimaji ya damu. Walibishana sana, nao wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli.

Lakini Metchnikoff aliacha pengo. Aliona adui akimezwa. Aliona pia adui akifa. Katikati ya hayo mawili panapita nini? Yeye alijibu kwamba chembe humeng'enya ilichomeza, kama tumbo linavyomeng'enya ugali. Jibu hilo liliwatosha watu kwa muda mrefu, maana linaeleweka upesi.

Pumzi ya ziada

Mwaka 1933, nchini Marekani, watafiti wawili, Baldridge na Gerard, walipima oksijeni inayotumiwa na chembe nyeupe. Zikiwa zimetulia zilitumia kidogo. Zikipewa bakteria za kumeza, matumizi yalipanda ghafla. Wao walifikiri kama ambavyo ungefikiri wewe: kumeza ni kazi, na kazi inataka pumzi. Mpagazi akipanda mlima na gunia begani lazima ahemee juu juu.

Maelezo hayo yalikaa miaka ishirini na sita bila kupata mpinzani wa maana. Mwaka 1959 Anthony Sbarra na Manfred Karnovsky, huko Boston, walizinyima chembe oksijeni kabisa, kisha wakazipa vitu vya kumeza. Zikameza vilevile! Nguvu ya kumezea zilikuwa zinaipata kwa kuvunja sukari, njia isiyohitaji oksijeni. Kumbe pumzi ile ya ziada haikuwa ya kubebea gunia. Ilikuwa na kazi nyingine.

Mwaka 1961, huko Montreal, Kanada, Iyer, Islam na Quastel walionyesha oksijeni ile inakwenda wapi: chembe zinaigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Dada zetu wa saluni wanaijua vizuri, ndiyo inayofifisha weusi wa nywele kabla ya kupaka rangi. Waliowahi kuumia wakapelekwa zahanati wanaijua pia, ile dawa inayotoa povu kidondani. Kwa hiyo chembe nyeupe haihemi kwa uchovu. Inavuta oksijeni kwa makusudi ili itengeneze sumu.

Sasa, kuona kwamba chembe ina sumu bado si kuthibitisha kwamba sumu hiyo ndiyo inayoua. Mtu anaweza kuwa na panga nyumbani na asiwe mwuaji. Ilitakiwa apatikane mtu ambaye hana panga hilo, aangaliwe yanayompata. Hapo ndipo habari inapoacha kuwa ya viroboto na mirija ya maabara.

Watoto wa Minnesota

Mwaka 1957 madaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Berendes, Bridges na Good, waliandika juu ya watoto wanne wa kiume. Tezi zao za shingo zilikuwa zinavimba na kutunga usaha. Ngozi ilikuwa na vidonda visivyokauka, mapafu yana makovu, maini yamevimba. Wakitibiwa hapa, ugonjwa unazuka pale. Madaktari waliuita kwa jina linaloogofya, jina ambalo ndani yake mlikuwa na neno lenye maana ya "uuao".

Kilichowashangaza ni kwamba damu ya watoto wale ilionekana imara. Kingamwili zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Chembe nyeupe zilikuwa tele. Ukiwaza kwa picha ile ya daftarini kwangu, jeshi lote lilikuwepo kambini, limevaa kofia, na bado nyumba inaporwa.

Jibu lilipatikana mwaka 1966 na 1967, chuoni hapo hapo. Holmes, Quie, Windhorst na Good walichukua damu ya watoto wenye ugonjwa huo, wakachanganya chembe zao na bakteria. Chembe zilizijongelea bakteria na kuzimeza sawasawa na za mtu mzima wa afya. Baada ya muda wakazipasua wahesabu. Ndani ya chembe za mtu mwenye afya bakteria karibu zote zilikuwa zimekufa. Ndani ya chembe za watoto zilikuwa hai, zimejificha humo kama mwizi aliyepewa hifadhi kituo cha polisi. Walipopima oksijeni, ile pumzi ya ziada ya mwaka 1933 haikuwepo.

Basi ndivyo ilivyojulikana kwamba kumeza si kuua. Metchnikoff alikuwa ameona mambo mawili akayadhani moja.

Mwaka 1968 Baehner na Nathan, wa Boston, walichapisha kipimo chepesi. Unachukua rangi ya manjano ambayo chembe ikivuta pumzi yake ya sumu huibadilisha kuwa buluu iliyokolea. Chembe za mtoto mgonjwa hubaki bila buluu. Watu wa Minnesota nao walikuwa wameshaona jambo jingine: katika familia nyingi, ukimpima mama wa mtoto, utakuta sehemu ya chembe zake zinageuka buluu na nyingine hazigeuki, zimechanganyika kwenye kioo kimoja. Mama ana jeni mbili, moja nzima na moja mbovu, kila chembe ikitumia mojawapo. Yeye zile nzima zinamtosha. Mtoto wa kiume akirithi ile mbovu, hana nyingine. Nimeifikiria sana picha hiyo ya kioo. Mama aliyekuja hospitali kumleta mwanawe anaonyeshwa kwamba hata yeye nusu ya damu yake haina silaha, na hakuwahi kujua.

Na ni nani aliyewaua wengi wa watoto hawa? Bakteria ndiyo, lakini hasa ukungu, ule wa jamii ya Aspergillus. Huota kwenye majani makavu, kwenye mboji, kwenye nafaka iliyolowa. Mbegu zake zimo katika vumbi, wewe na mimi tunazivuta kila siku puani bila kupiga hata chafya. Sisi tunapona kila siku bila habari. Mtoto mwenye ugonjwa huu akicheza kwenye rundo la majani makavu, anaweza kurudi nyumbani na kifo chake kifuani.

Jiki mwilini

Hebu sasa turudi kwenye jiki. Mwaka 1941 Msweden Kjell Agner alikuwa ameshatoa kimeng'enya kimoja kutoka usaha uliovutwa vifuani mwa wagonjwa wa kifua kikuu. Kilikuwa cha kijani, akakiita kwa jina lenye maana ya ukijani. Leo kinaitwa mieloperoksidasi. Ukiona usaha wa kijani, au makamasi ya mtoto yamegeuka kijani siku ya tatu ya mafua, unayaona kwa macho yako masalia ya kimeng'enya hicho, kimetoka katika chembe nyeupe zilizokufa kazini. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyejua kazi yake.

Seymour Klebanoff, wa Seattle, ndiye aliyeijua, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1967 na 1968. Alichanganya vitu vitatu: kile kimeng'enya cha kijani, haidrojeni peroksaidi, na chumvi ya aina ambayo mwilini imejaa. Kila kimoja peke yake, kwa kiasi kile kidogo, hakikufanya kitu. Vitatu pamoja viliua bakteria. Kimeng'enya huchukua peroksaidi na klorini iliyomo katika chumvi, kikatengeneza asidi ya haipoklorasi. Nayo jiki ya dukani ni nini? Ni haipokloraiti iliyoyeyushwa katika maji. Ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni kwamba moja inauzwa kwenye chupa na nyingine inapikwa papo hapo, ndani ya kijifuko kidogo alimofungiwa adui.

Na fangasi je? Mwaka 1969 Robert Lehrer na Martin Cline, wa San Francisco, waliandika juu ya mgonjwa mmoja. Fangasi anayeitwa Candida albicans alikuwa amemwenea mwilini. Huyu Candida ndiye yule yule wa utando mweupe wa mdomoni. Chembe za mtu huyo zilimeza, zilivuta oksijeni, peroksaidi ilitoka. Kilichokosekana ni kimeng'enya cha kijani tu.

Lehrer na Cline walizipa chembe hizo Candida wa kumeza, kisha wakawatazama kwa rangi ya buluu inayoingia kwa fangasi aliyekufa na kumwacha aliye hai. Kwa saa moja, chembe za watu wenye afya zilikuwa zimeua kama 30 katika kila 100 waliomezwa. Za mgonjwa yule zilikuwa hazijaua karibu hata mmoja. Wakampima dada yake, naye hana kimeng'enya. Wakawapima wanawe wanne, wakawakuta wana kama theluthi ya kiwango cha kawaida.

Jina la mtu huyo halikuandikwa, na ni sawa lisiandikwe. Lakini kila kitabu kinachosema mwili huua fangasi kwa kemikali za oksijeni kinadaiwa na damu yake, na ya wale watoto wa Minnesota. Tuzo hupewa walioshika hadubini. Waliolala chini ya hadubini hukumbukwa kama "mgonjwa wa kwanza" na "mgonjwa wa pili".

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Mwaka 1973 Bernard Babior na wenzake walionyesha kwamba hatua ya kwanza ya sumu ni supaoksaidi, oksijeni iliyoongezewa elektroni moja. Peroksaidi huzaliwa kutokana nayo. Mwaka 1978 Anthony Segal na Owen Jones, Uingereza, walipata sehemu ya mtambo unaoitengeneza. Mwaka 1986 kundi la Stuart Orkin, Boston, lilipata jeni iliyoharibika kwa wengi wa watoto hawa. Ilikuwa mara ya kwanza jeni ya ugonjwa kupatikana kwa kutafuta mahali ilipo, kabla ya kujua inatengeneza nini.

Nyavu

Ukungu una hila moja ambayo bakteria hana. Mbegu yake ni ndogo, inamezeka. Ikishachipua inakuwa uzi mrefu kuliko chembe nyeupe mara nyingi. Utamezaje kamba ya kutekea maji? Mwaka 1978 Richard Diamond na wenzake walionyesha kwamba chembe hujibandika kwenye uzi, kadhaa kwa pamoja, na kuumwagia sumu zao kwa nje. Uzi hutoboka na kufa bila kumezwa. Basi kama kumeza si kuua, na kuua nako kunaweza kufanyika bila kumeza.

Mwaka 2004 watafiti wa Berlin, Volker Brinkmann na Arturo Zychlinsky wakiwemo, waliona ajabu nyingine. Chembe nyeupe inaweza kujipasua na kurusha nje nyuzi za DNA yake yenyewe, zimepakwa sumu, zikawa wavu wa kunasa maadui. Mwaka 2007 ikathibitishwa kwamba ili wavu huo urushwe kwa njia hiyo, sharti kwanza chembe itengeneze zile kemikali za oksijeni. Watoto wenye ugonjwa ule, chembe zao hazirushi wavu.

Mwaka 2009 ikatoka habari ya mvulana mmoja wa Zurich, Uswisi. Alikuwa na ugonjwa huo, na mapafuni alikuwa na Aspergillus nidulans ambaye dawa zilishindwa kumtoa. Madaktari walimtia jeni nzima katika chembe zake za uboho. Sehemu ya chembe zake ikaanza kuvuta pumzi ya sumu, zikaanza kurusha nyavu, na ukungu ukatoka.

Ubishi haujaisha

Nisikudanganye, msomaji, kwamba mambo yote yamenyooka. Wenye mieloperoksidasi pungufu, kama yule mgonjwa wa 1969, baadaye walionekana si wachache. Mashine za kuhesabia damu zilipoanza kukipima kimeng'enya hicho, ilionekana kila watu elfu mbili hadi nne yupo mmoja asiye nacho. Wengi wao ni wazima wa afya hadi uzee. Wanaougua Candida vibaya aghalabu wana kisukari pia. Mwili, basi, hautegemei jiki peke yake.

Kulikuwa na nadharia tamu kwamba vijidudu vinavyowaua watoto wa ugonjwa ule ni vile vyenye katalasi, kimeng'enya cha kuvunja peroksaidi. Mwaka 1998 watafiti walimwondolea ukungu katalasi yake, wakawapa panya wenye ugonjwa huo. Panya wakafa vilevile. Mwaka 2002 yule Segal wa Uingereza na wenzake wakasema kazi kubwa ya supaoksaidi huenda si kuua yenyewe. Kwamba inavuta chumvi za potasiamu ndani ya kifuko, nazo zinafungulia vimeng'enya vya kusaga protini, na hivyo ndivyo vinavyoua. Wengine hawakukubali. Wanachokubaliana wote ni kile walichofundisha wale watoto: bila pumzi ile, mauaji hayafanyiki.

Gharama nayo ipo. Sumu hii haichagui. Inayounguza fangasi inaunguza pia nyama iliyo jirani, na chembe inayoitengeneza huwa imekwisha kujitoa mhanga. Usaha tunaoufuta kwa pamba na kuutupa ni maiti zake.

Askari na mpiga mbiu

Baba mdogo hakuwa na ugonjwa wa watoto wa Minnesota. Alikuwa na UKIMWI, miaka kumi baada ya wagonjwa wa kwanza wa Tanzania kutangazwa huko Kagera mwaka 1983. Virusi hivyo haviandami hasa chembe zinazomeza na kuvuta pumzi ya sumu. Vinaua chembe wasaidizi, zile zinazopimwa kliniki kwa jina la CD4. Kuanzia mwaka 2005 watafiti walitambua kundi moja la wasaidizi hao ambalo kazi yake kubwa ni kupiga mbiu kwenye ngozi laini za mdomo na koo: kuwaita wamezaji waje, na kuiamuru ngozi yenyewe itoe dawa za kuua fangasi. Candida hatoki mbali. Anaishi midomoni na matumboni mwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote. Kikulacho ki nguoni mwako. Mbiu ikinyamaza, huyo huyo jirani wa kila siku anapanda kitandani.

Kwa hiyo muuguzi yule hakukosea sana, ila hakuwa na nafasi ya kueleza. Waliokwisha walikuwa wapiga mbiu. Wenye silaha walikuwepo, wengi wao wakizunguka damuni bila kuitwa. Dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure hospitalini kwetu mwaka 2004, miaka kumi na moja baada ya yeye kuzikwa. Mtu akizimeza ipasavyo, wapiga mbiu hurudi, na utando mweupe kwa kawaida huondoka.

Mimi silichukii neno askari. Lilisaidia watu kuelewa upesi wakati muda ulikuwa mdogo. Lakini sisi tunaotaka kuandika tuliangalie vizuri. Neno hilo linatufanya tuhesabu vichwa tu: askari wapo, askari wamekwisha. Watoto wa Minnesota walikuwa na askari tele wasio na risasi. Baba mdogo alikuwa na wenye risasi wasioitwa. Ni vifo viwili tofauti, na sisi tumeviandika kwa sentensi moja. Daktari aliyeridhika na sentensi hiyo mwaka 1957 asingeuliza swali lililofuata.

Nilimsimulia shangazi haya yote jioni moja, kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Habari ya Metchnikoff na nyani wa sarakasi ilimchekesha. Nilipofika kwenye jiki alinyamaza.

"Unataka kuniambia mdogo wangu alikuwa nayo ndani?"

"Alikuwa nayo, shangazi. Hata wewe unayo sasa hivi."

Akatazama mikono yake kidogo. Kisha akauliza, "Na yule mtoto wa huko Ulaya, ule ukungu ulimtoka?"

Nikamwambia ulimtoka.

"Mama yake alipata usingizi," akasema, akainuka kwenda kutazama mboga jikoni.